Mkate wa Taweret

Kabla punda wa maji hawajaanza kupanda kilima, Hunuro alikuwa ameshaamka, ameshasukutua kinywa kwa magadi, na amesimama miguu mitupu mbele ya shubaka lake. Hakuna aliyewahi kumwona akichelewa, hata mwaka aliofiwa na mume. Mungu, alikuwa akisema, ni kama mkwe: akiamka akakukuta umelala, siku nzima imeharibika.

Kilango cha shubaka alikifungua polepole, maana si vizuri kumgutusha mtu usingizini. Ndani alisimama Taweret, mungu wa uzazi, sanamu ya mti wa mkuyu, kichwa cha kiboko, mgongo wa mamba, makucha ya simba, na tumbo la mwanamke aliyefikia mwezi wake. Tumbo hilo liling'aa kuliko kitu chochote mle nyumbani. Bibi yake Hunuro alilipapasa, mama yake akalipapasa, na yeye akalipapasa kwa kila mtoto aliyemzaa na kila aliyemzika. Kando yake palikuwa na kichwa cha jiwe chenye mabega tu, bila mikono. Hicho ni cha wazee waliotangulia, na marehemu mumewe naye sasa yumo humo.

"Amka kwa amani, Mkubwa wetu," alimwambia. "Amka, mama. Kumekucha, na watu wako bado wapo."

Kisha alimnyunyizia maji, akampangusa kwa kitambaa cha kitani, akampaka mafuta kidogo tumboni, akawasha utambi katika kitaa cha udongo. Mwisho aliweka sahani na mkate juu yake, akakirudisha kilango, akatoka nje kungoja. Taweret ale. Hapo hakuna kuchungulia wala kupiga soga, mpaka utambi umalize mafuta yake. Ukizimika ndipo alipofungua tena, akashukuru, akautoa mkate, akafunga, akarudi kinyumenyume huku akifagia nyayo zake kwa ufagio wa makuti, ili pepo asije akazifuata.

Mkate huo huo ndio waliokula. Kwanza Mkubwa, halafu wafu, halafu walio hai. Miungu hawatafuni kama sisi. Wanachukua uhai wa mkate, maganda yake wanatuachia. Ndivyo watu wa kijiji kile walivyolelewa, na hakuna aliyethubutu kuutia mkate kinywani kabla haujashushwa. Mwenye kufanya hivyo aliitwa mwizi wa miungu, na si jina la kutaniana.

Sasa mwaka huo kukawa na njaa.

Wanaume wa kijiji kile hawakulima. Kazi yao ilikuwa kuchonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme kule bondeni, penye jiwe tupu, na mfalme ndiye aliyewalisha kwa nafaka ya maghala yake. Mwezi ukapita nafaka haijaja. Ukapita mwingine. Wakubwa wakasema kesho, na kesho yao haikuwa na kesho kutwa. Wanaume wakaweka patasi chini, wakateremka mpaka hekaluni, wakakaa kitako nyuma ya ukuta wakasema hawainuki, wana njaa. Pashedu, mkwe wa Hunuro, alikuwa mmoja wao. Kijijini wakabaki wanawake, watoto, na mzee Kenna kipofu.

Na Tanofri alikuwa na mimba.

Tanofri ndiye mke wa Pashedu, mtoto pekee aliyebaki kwa Hunuro. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilifika mwisho wake, na watoto wote wawili walitoka kimya. Walilazwa kwenye vikapu kule mteremkoni chini ya nyumba za mwisho, kila mmoja na ushanga wake. Walipomaliza kumzika wa pili, mkunga Webkheti alimvuta Hunuro pembeni. Webkheti hakuwa mtu wa kupaka maneno asali.

"Hunuro, nisikilize. Mwili wa binti yako umechoka. Akipata nyingine ikatoka vile vile, ataondoka nayo. Usiseme sikukwambia."

Neno lile Hunuro alilala nalo na kuamka nalo. Kila alfajiri alipopangusa tumbo la mti aliomba jambo moja tu: mtoto alie, na mama yake amsikie akilia. Unga ulipozidi kupungua kwenye mtungi, majirani waliacha kuweka mikate kwenye mashubaka yao. Waliweka maji na maneno matamu. Hunuro aliendelea. Mkate ukawa mdogo kama kiganja, ukawa mweusi, nusu shayiri nusu pumba, lakini ulikwenda kwa Taweret kwanza. Halafu ukashuka, akaukata, kipande kikubwa cha Tanofri, kidogo chake.

Asubuhi moja utambi ulizimika, akafungua kilango, na sahani ilikuwa tupu.

Akaishika sahani, akaigeuza. Akatia mkono nyuma ya Taweret, akapapasa mpaka kwenye pembe za shubaka. Hapakuwa na hata chembe. Akakaa chini pale pale, machozi yakamtoka. Mama yake aliwahi kumsimulia habari ya mungu aliyekula kwa kinywa chake mwenyewe, zamani za bibi wa bibi zake, na mwaka huo hakufa mtoto hata mmoja.

"Tanofri! Tanofri, mwanangu, njoo uone! Amekula!"

Tanofri alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni. Akaitazama sahani, halafu akaitazama sakafu.

"Amekula kweli, mama."

"Amekula! Mpaka chembe! Unajua maana yake?"

"Ninajua." Akageuka akaenda kujilaza.

Hunuro alitoka mbio hadi mlango wa pili, alikokuwa mzee Kenna akisokota tambi za vitambaa vikuukuu vya kitani kwa ajili ya taa za makaburini. Hakuna kazi, hakuna taa, lakini mikono yake haikujua kukaa bure.

"Nani huyo anakimbia na magoti ya kikongwe?" Kenna akauliza. "Hunuro?"

"Mzee Kenna, amekula!"

"Nani amekula? Kama kuna mtu amekula kijiji hiki mlete hapa tumnuse."

"Taweret! Ameumaliza mkate wote!"

Kenna akaacha kusokota. "Hunuro. Miungu wanakula harufu. Anayekula mkate ana meno."

"Unasema panya? Panya gani anakula mkate akaacha mafuta ya utambi? Panya gani anafunga mlango akitoka?"

"Mimi sijasema panya."

"Basi usiseme kitu. Wewe ndiye wa kuwafundisha watu habari za miungu?"

Lilimponyoka, na akajuta papo hapo. Kila mtu alijua habari ya Kenna. Zamani alikuwa mchongaji hodari. Patasi ya shaba, mali ya mfalme, ilipotea. Akaitwa mbele ya baraza, akainua mkono kuelekea Kilele, lile jabali lililosimama juu ya kijiji, mungu ambaye watu wake humwita Mpenda-Kimya, akaapa kwamba hakuichukua, na kama anasema uongo aone giza mchana. Alikuwa ameichukua. Watoto wa kijiji walimfahamu kwa kisa hicho kabla ya kumfahamu kwa jina, na yeye mwenyewe hakukificha. Aliwaambia: kwanza taa ilivaa mkufu. Niliona duara la rangi limeizunguka nikasema, uzuri ulioje huu. Halafu watu wakaanza kuwa moshi.

Kenna akacheka kidogo, bila hasira. "Ndiyo, jirani yangu. Mimi ndiye wa kuwafundisha. Nani mwingine amelipa ada kubwa kama yangu?"

Basi kuanzia siku hiyo Hunuro akaoka mkate mkubwa zaidi. Unga wa ziada aliutoa wapi? Aliutoa kwenye fungu lake. Alijipikia mboga chungu za kando ya njia na mizizi ya mafunjo, akanywa maji mengi, akasema ameshiba. Na kila siku utambi ulipozimika sahani ilikuwa tupu, naye akafurahi kama mtu aliyeambiwa mwanawe anarudi kutoka vitani. Mifupa ya mabega ikamtoka. Pale penye mitungi, walipongojea punda wa maji, wanawake walimtania.

"Mama Tanofri, mgeni wako anakula sana. Mwambie aje afanye kibarua na kwetu."

"Mpe na samaki basi," Webkheti akadakia. "Mwenye tumbo kama lile hashibi mkate mkavu."

Hunuro akacheka nao. Acha wacheke. Mtoto akilia watanyamaza.

Lakini Tanofri hakucheka. Kadiri mama alivyofurahi ndivyo binti alivyozidi kujikunja, na usiku alizungumza usingizini. Mama akimpa bakuli la uji mwepesi, alilishika mkononi kwa muda mrefu kabla ya kulinywa. Hunuro alidhani ni hofu ya uzazi tu, akamfunga hirizi nyingine ya Taweret kiunoni.

Uchungu ulimwanza asubuhi, wakati wanawake wakirudi na maji. Wakampandisha juu darini, penye paa tambarare, kwenye kibanda cha majani kilichojengwa kwa ajili yake, wakamfungua nywele na kila fundo alilokuwa nalo mwilini, maana fundo hufunga mengi. Webkheti akaja na matofali yake ya uzazi, yale ambayo mwanamke huchuchumaa juu yake, moja huku moja kule. Hunuro akamshusha Taweret kutoka shubakani, mara ya kwanza tangu watoto wale wa kikapuni, akampandisha ngazi akimkumbatia kifuani, akamsimamisha mbele ya binti yake.

"Huyu hapa. Ameshakula kwetu, hawezi kutuacha. Mkazie macho, mwanangu."

Tanofri alimtazama Taweret mara moja akageuza uso, na hakumtazama tena.

Jua likapanda. Maumivu yakaja, yakaenda, yakaja, na mtoto hakushuka. Webkheti akapaka mafuta, akakanda mgongo, akaimba, akatukana, akaimba tena. Jua likafika utosini. Majani ya kibanda yakanyauka. Tanofri alipandishwa kwenye matofali akateleza, akapandishwa akateleza tena. Mara ya mwisho alikataa kabisa. Akalala ubavu kwenye mkeka, midomo imepasuka, akaukazia macho ukuta.

"Inuka," Webkheti akamwambia. "Inuka, mama, mtoto bado anacheza, nimemsikia kwa mkono wangu. Sasa hivi! Ukilala hapa unamfungia mlango."

"Mlango umeshafungwa."

"Nani kaufunga? Mimi ndiye mkunga, sijaona kufuli."

"Yeye." Tanofri akanyoosha kidole nyuma yake, bila kugeuka, kule aliposimama Taweret.

Hunuro akapiga magoti. "Usiseme hivyo. Amekula mkate wetu siku zote hizi, mwanangu, kwa kinywa chake..."

"Mimi nilikula."

Upepo ulikuwa umekufa. Chini, njiani, mtoto wa mtu alikuwa akiburuta kigae, na sauti ya kigae ilifika mpaka darini.

"Unasemaje?"

"Mkate nilikuwa nakula mimi, mama. Ulipotoka nje kukaa kusubiri utambi, niliingia nikala. Mbele yake. Alikuwa ananitazama nami nikala." Uchungu ukamkamata, akauma mkono wake mpaka ukapita. "Siku ile ulipolia kwa furaha nilitaka kukwambia. Nikashindwa. Kesho yake ukaoka mkubwa zaidi, nikaula na huo."

"Ulikuwa na njaa. Mwenye mimba ana njaa ya wawili. Na yeye ana mimba, ataelewa..."

"Na wale wengine?" Sasa Tanofri alimgeukia mama yake, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mimba ya kwanza hapakuwa na njaa. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilitamani tu. Nilimega kipande, nikaugeuza mkate upande uliomegwa usionekane. Na ya pili vile vile. Ameniulia wale wawili, mama, na nilijua ni yeye, na bado nikala. Niache. Nataka kulala."

Webkheti alishika hirizi ya shingoni mwake, akarudi nyuma hatua. Yeye aliyeziona damu zote za kijiji kile aliogopa. Halafu akamwinamia Hunuro sikioni.

"Akiendelea kulala hivi, kabla jua halijafika pale ukutani wamekwenda wote wawili. Mimi mikono yangu imeisha. Msemeshe wewe."

Hunuro alimsemesha. Alimbembeleza, akamwita majina ya utotoni, akamkumbusha Pashedu. Alimwambia wapo watu wengi waliokosa, na miungu wakawarehemu. Tanofri akatikisa kichwa tu, polepole, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine. Uchungu ulipomjia hakusukuma. Aliuacha umpite juu yake kama maji.

Hunuro akamtazama Taweret. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtazama si kama mtu anayeomba. Lile tumbo linalong'aa. Mikono mingapi imelipapasa? Yule kiboko alitazama mbele, mdomo wazi kidogo, meno nje, kama aliyenusa mkate.

Akainuka.

"Webkheti, mkalishe. Nataka anitazame."

Webkheti akamwinua Tanofri mabega, akamwegemeza kifuani mwake.

"Mwanangu," Hunuro akasema, "hukula mkate wake hata siku moja. Ulikula makombo yangu."

Tanofri akafumbua macho.

"Kila alfajiri, kabla sijafungua kilango, nilimega. Nilipokuwa nautoa motoni nikawa namega kwa chini, pale pasipoonekana, nikala. Nilianza zamani, baba yako alipokufa, kwa uchungu tu, kumkomoa. Ikawa mazoea. Unajua wewe mwenyewe: mkate ulioumwa na mtu si sadaka tena. Kilichokuwa kwenye sahani hakikuwa chake. Kilikuwa makombo ya mama yako. Mtoto akila makombo ya mama yake, ameiba nini?"

"Unasema hivyo ili niinuke."

"Nasema hivyo kwa sababu siwezi kukuona ukifa kwa kosa langu. Wale watoto ni juu yangu. Kama ni yeye aliyewachukua, alinichukulia mimi."

Tanofri alimtazama kwa muda mrefu. Uchungu ukaja ukamkunja, ukamwachia.

"Apa," akasema.

Webkheti akashtuka. "Tanofri!"

"Aape. Mama haapi uongo. Akiapa nitajua."

Ilikuwa kweli. Hunuro hakuwahi kuapa, hata kwa mzaha, hata kwenye ugomvi wa zamu ya kujaza mitungi. Mlango wa pili tu kutoka kwake alikaa mtu aliyeapa. Kila siku ya maisha yake alimwona akipapasa ukuta kutafuta mlango wake mwenyewe.

Akasogea mbele ya Taweret, akaweka mkono wa kushoto juu ya lile tumbo. Wa kulia akauinua kuelekea Kilele, kilichosimama juu yao kikiwaka kwa jua la mchana, na kimya chake.

"Kwa jina lako, Mkubwa," akasema, "na kwa jina la Mpenda-Kimya anayesikia. Mkate wako nilikuwa naula mimi Hunuro kabla haujafika kwako. Binti yangu hakugusa kilicho chako. Kama nasema uongo, nione giza mchana."

Akashusha mkono.

Halafu Tanofri akaanza kulia, kilio kile cha mtoto aliyepotea akaonekana, na katikati ya kilio akanyoosha mikono.

"Niinueni. Niinueni, anakuja."

Wakamwinua. Webkheti mbele, Hunuro nyuma, mikono chini ya makwapa ya binti yake, matofali yakikwaruza sakafu. Safari hii uchungu ulipokuja Tanofri aliupokea kwa meno. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za mashua. Webkheti alipiga kelele kama anayefukuza punda: "Huyo! Huyo! Usimwachie! Mwanaharamu huyo, mlete!" Hunuro hakuona kitu, uso wake ulikuwa ndani ya nywele za binti yake zilizojaa jasho. Alisikia tu. Alisikia maji, alisikia Webkheti akinyamaza ghafla, na akafa kidogo katika ule unyamavu.

Halafu mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na chini njiani kigae kikaacha kuburutwa. Alikuwa msichana. Alikuwa mdogo kama sungura na amekunjamana, lakini alilia, na mama yake alimsikia akilia.

Walipokwisha kumlaza Tanofri na kumkandia tumbo, Webkheti alimfuata Hunuro penye ngazi. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akauzungushia kidole gumba na cha kati, na vidole vikakutana bila shida.

"Wewe," akamnong'oneza. "Wewe uliyekonda hivi ndiye uliyekuwa unakula mkate wa miungu?"

"Funga kinywa chako, Webkheti."

"Nimekifunga. Kimefungwa tangu ulipoinua mkono." Na yule mwanamke asiyepaka maneno asali akamfuta Hunuro machozi kwa kitambaa chenye damu, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Hunuro alimrudisha Taweret shubakani mwenyewe. Hakumwomba msamaha. Alijua mtu huomba msamaha kwa jambo ambalo asingelirudia.

"Nimekuapia uongo," akamwambia taratibu, mtu mwingine asisikie. "Wewe unajua nami najua. Chukua unachotaka. Lakini uchukue kwangu, umenisikia? Pale darini usipande."

Alfajiri ya kesho yake aliamka na akaogopa kufumbua macho. Alisikia punda kwa mbali. Alisikia mtoto akinyonya, ule mlio kama wa mtu anayemeza mate. Alikaa hivyo mpaka punda wakafika, na hapo akafumbua, na akaona: dari, kamba ya vitunguu, mwanga mwembamba chini ya mlango. Akashukuru, na shukrani ikamgeukia kuwa hofu, maana kilichokuwa hakijaja leo kingeweza kuja kesho. Kesho nayo ikaja, akafumbua, akaona. Hiyo ndiyo ikawa adhabu yake kwa muda mrefu, kufumbua macho kila siku.

Pashedu alirudi siku nafaka ilipoachiliwa, gunia si zima, akamwinua binti yake juu ya kichwa akacheza nje na watu wakamcheka. Tanofri alinenepa. Jambo lile hawakulitaja tena yeye na mama yake, ila Tanofri alianza kumwonea mama huruma, akimsemesha kwa upole kama anavyosemeshwa mtu mwenye kosa kubwa aliyesamehewa. Siku moja tu alimwambia, "Mama, njaa ni njaa, hata mimi nisingekulaumu." Hunuro akainama akaendelea kupepeta. Hilo nalo alilimeza.

Kwa mzee Kenna alikwenda siku moja akakaa kando yake, akachukua kitani akaanza kusokota naye.

"Ilikuja lini?" akauliza.

Kenna hakuuliza nini. "Haikuja upesi. Nilidhani imenisahau. Nilioa baada ya hapo, nilichonga ukuta mzima wa bata, bata wazuri. Inakuja kama mgeni asiye na haraka, Hunuro. Anajua nyumba yako iko wapi." Akachukua kipande kingine cha kitani. "Ulikuwa ukiona nini pale, ulipoinua mkono?"

"Nani kakwambia niliinua mkono?"

"Nilikuwa hapa chini. Mimi ni kipofu, masikio yangu hayakuapa."

Hunuro akasokota mpaka utambi ukaisha. "Nilikuwa namwona Tanofri," akasema.

"Basi wewe ulikuwa na kitu. Mimi nilikuwa naona patasi."

Tangu siku hiyo Hunuro alianza kujifunza. Alimwamsha Taweret macho yakiwa yamefumbwa, akihesabu kwa viganja: kilango hapa, mtungi pale, kitambaa juu ya ndoano, kitaa mkono wa kushoto. Alimwaga maji mara nyingi. Aliunguza kidole. Hakutaka ije siku Mkubwa akaamka hana wa kumwosha eti kwa kuwa mwenye nyumba anapapasa. Alipokwisha, alifumbua macho akaenda kumchukua mjukuu wake, akambeba mpaka mlangoni penye mwanga, akamtazama. Alimtazama kope, kucha, kishimo cha shingo, kama mtu anayejaza mtungi punda wa maji wakiwa wanaondoka.

"Mama utammaliza mtoto kwa macho," Tanofri alimtania.

"Niache nimmalize. Macho ni yangu."

Mkate nao aliuweka kama zamani, Mkubwa kwanza. Ila hakungoja tena utambi umalize mafuta. Alimpa Taweret muda wa kunusa, muda wa mtu kuvuta pumzi vizuri, halafu akafungua. "Umeshashiba, mama," alimwambia, "kuna anayenyonyesha," akautoa ungali na moto, akampelekea Tanofri mzima, bila kukata.

Ikawa asubuhi moja, mtoto ameshaota meno mawili ya chini, Hunuro ameshamaliza kupangusa na kupaka. Akawasha utambi, akafumbua macho kuangalia kama umeshika.

Umeshika. Mwali ulisimama wima, na kuuzunguka, mwembamba kama uzi, palikuwa na mkufu wa rangi.

Akauangalia. Akapangusa macho kwa ncha ya nguo, akauangalia tena. Ulikuwa mzuri kweli, Kenna hakudanganya.

Nyuma yake mtoto alipiga kelele ya furaha kwa jambo fulani, kijiko labda, au mguu wake. Hunuro hakugeuka mara moja. Akaweka sahani, mkono wake ukiijua njia, akaweka mkate juu yake.

"Haya," akasema. "Kula upesi."